Mkanda wa Mguu wa Kushoto

Zephaniah hakuwa mgeni wa baiskeli, wala hakuwa wa kujisifu. Alikuwa amezoea kubeba magunia ya mahindi mjini Busia, ila gunia likianguka halilii. Leo alikuwa anakwenda ng'ambo ya mpaka kumchukua dada yake Petronilla, mwenye mimba ya miezi minane, na roho yake ilikuwa juujuu tangu alipoamka.

Taabu ilikuwa mguu wa kushoto. Ulikondeshwa na ugonjwa tangu utotoni, na kila alipopanda kilima uliteleza kwenye pedali, baiskeli ikayumba. Ndiyo maana alikuwa kwa Mutwalibu, fundi viatu, akitafuta cha kuufungia.

Mutwalibu alimwekea vitu viwili mezani: mkanda wa ngozi wenye kifungo cha chuma, na kipande cha mpira kilichokatwa kwenye tyubu kuukuu. Zephaniah alivijaribu vyote, akazunguka kibanda, akarudi, akavijaribu tena, mpaka fundi akamchoka.

"Boss, hii ya ngozi itakushika mpaka nyumbani, lakini kuitoa ni shida," alisema. "Hii ya mpira inakuachilia mara moja, na inaweza kukuachilia hata kwa mlima. Sasa wewe unaogopa nini zaidi?"

Zephaniah alilichukia swali hilo. Aliogopa vyote. Kule ng'ambo askari akisema shuka, unashuka. Anayechelewa haulizwi mara ya pili. Wenzake wenye baiskeli walikuwa wameacha kuvuka kwa ajili hiyo. Lakini alipomfikiria Petronilla chini barabarani na lile tumbo, akachukua ngozi.

Mume wa Petronilla alikuwa ametoka asubuhi moja kwenda kazini, hakurudi. Majirani hawakuuliza, maana kuuliza nako kulikuwa hatari. Zephaniah alipofika mlangoni, Petronilla alitoka na furushi moja la nguo, akakaa upande kwenye keria, na kilima wakakipanda vizuri kabisa. Mkanda ulishika. Zephaniah akaanza kujiona dereva.

Kwenye kizuizi cha mpakani filimbi ikalia. "Shuka chini!"

Petronilla akashuka. Zephaniah akaweka mguu wa kulia chini, akainamia kifungo, nacho kikakataa. Vidole vilimfa ganzi, jasho likamwingia machoni. Askari akasogea, akaiteremsha bunduki begani, akauliza kama mtu huyu ni kiziwi.

"Afande, huyu bwana yangu nimemfunga mimi," Petronilla akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka na ndoa. "Anapenda kutoroka. Haendi popote kabla sijazaa."

Kumwita ndugu wa tumbo moja bwana yako! Kwao Butula neno hilo lingedai mbuzi wa kutakasia. Zephaniah alitamani ardhi immeze. Askari akautazama mkanda, akalitazama tumbo, akacheka mpaka akawaita wenzake waje wamwone mwanamume aliyefungwa na mkewe. Kizuizi kikainuliwa.

Walipofika upande wa Kenya Zephaniah alisimama, akicheka huku machozi yanamtoka. Alimsihi dada yake neno lile lisifike nyumbani hata siku moja. Petronilla hakucheka. Alichuchumaa kwa shida, akakishika kifungo, nacho kikafunguka bila ubishi. Akabaki na mkanda mkononi.

"Yule wangu," alisema, "ndiye ningemfunga."