Akina Yahaya wa Cibitoke

Haya alinielezea Madamu Jovithe mwenyewe, kiangazi cha mwaka 2005, tukichagua maharage. Aliongea taratibu, akitupa vijiwe pembeni, wala hakuinua macho.

Alikuwa mwalimu wa darasa la saba pale Cibitoke. Mwaka wa 2003 lilikuja somo jipya la kompyuta, na shule haikuwa na kompyuta hata moja. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi aliwapanga watoto wake kumi na mmoja mstari mmoja, wakashuka kwa miguu mpaka mjini, kwenye nyumba ya intaneti ambayo watu wanaiita siberi. Walikaa watoto watatu kiti kimoja. Somo lilikuwa na sura mbili: ya kwanza kutuma ujumbe, ya pili kuwajibika kwa ulichotuma. Sura ya pili ilipangwa baada ya mitihani. Jovithe alifuata mpango kama ulivyo, maana ndivyo walimu wanavyokaguliwa.

Zoezi la kutuma lilikuwa hivi: kila mtoto aandike habari moja ya mtaani kwake, aitume kwa watu wawili, na hao wawili awaombe waitume kwa wawili wawili. Hapo darasa litaona neno linavyokimbia.

Joëlla, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliandika habari ya Yahaya, fundi wa kuchomelea vyuma jirani na shule. Yahaya alikuwa na mchezo wake. Watoto wakipita, alibeba bomba la moshi la gari begani kama bunduki, akawaambia, "Simama! Hapa apiti mutu bila kunisalimia." Basi Joëlla akaandika: Yahaya wa Cibitoke anatengeneza bunduki. Akaweka jina lake na darasa lake, akatuma kwa mjomba wake wa ofisini na kwa dada yake aliyeko Ubelgiji. Darasa zima likacheka. Jovithe naye akacheka kidogo, akampa nane juu ya kumi.

Jumatatu alfajiri Khadidja, mke wa Yahaya, alitoka kumwaga maji, akakuta akina Yahaya wawili wamekaa kwenye benchi la karakana. Walikuwa mume wake kabisa, mpaka kovu la moto kwenye kidole gumba, ila kila mmoja alikuwa na bunduki magotini. Mume wake alikuwa bado ndani, anafunga viatu. Khadidja akawaomba wasogee kidogo, apite na ndoo.

Jumanne walikuwa sita. Jumatano kumi na wanne, na hao wa nyuma walikuja na bunduki mbili mbili, maana kuna mtu njiani aliongeza. Hawakula, hawakuomba kitu. Yahaya mwenyewe alilalamika tu kwamba wateja hawapati pa kukaa, tena hawajui wamkabidhi nani gari.

Alhamisi walikuwa thelathini, na askari wakaja. Walikuta watu thelathini na mmoja wa sura moja, thelathini wana silaha. Mkubwa wao akaomba vitambulisho. Aliyekuwa na kitambulisho ni yule mmoja asiye na bunduki. Jina la kwenye karatasi yao lilikuwa ndilo la kwenye kitambulisho chake, wakampakia garini. Wale thelathini wakasogea, wakajaza nafasi yake kwenye benchi.

Khadidja alikwenda shuleni akiwa bado na unga mikononi.

"Madamu, Baba Assia wamemubeba," alisema. "Wamebaki wale wenu."

Jovithe hakuuliza ni wepi. Siku hiyo hiyo alianza sura ya pili, na kwa miaka kumi na minne ya ualimu hakuwa amewahi kuruka mpango. Aliwafundisha watoto kuuliza ujumbe umepita kwa nani, na kuomba ufutwe kwa adabu. Joëlla aliandika mpaka vidole vikamuuma. Kule Cibitoke, kila ujumbe ulipofutwa, Yahaya mmoja alisimama, akamshukuru Khadidja kwa mahali pa kukaa, akatoka kwa lango na bunduki yake, na barabarani hakuonekana.

Kazi hiyo ilichukua Jumamosi tatu. Akabaki mmoja tu.

Mjomba wa Joëlla alijibu kwamba wake ameufuta. Ila kabla ya kuufuta alikuwa ameuchapisha, akaupeleka pale panapohusika.

Jovithe akaenda pale panapohusika. Karani, Adrien, alimpa kiti, akafungua faili, akamwonyesha karatasi ina mhuri.

"Ni zoezi la darasa," Jovithe alisema. "Mimi ndiye niliyelitoa. Ilikuwa bomba la moshi."

"Hapa hapajaandikwa bomba, madamu. Tena mtoto ameweka jina lake. Mtoto atamsingizia mtu kwa nini?"

"Basi ifuteni."

"Karatasi tunaifungia tu. Kufuta, hiyo ni huko kwenu kwenye kompyuta."

Kuhusu alipo Yahaya, faili haikusema.

Jumamosi iliyofuata Joëlla aliandika ujumbe mwingine: Samahani, nilidanganya, Yahaya hatengenezi bunduki. Akautuma kwa wote. Jumatatu Jovithe alitoka shule akaenda kwa Khadidja, akakuta uani pamefagiwa na sahani imewekwa, ikiwa huo nao utamleta mtu. Walingoja mpaka saa ya kufunga njia, ambayo askari hawamruhusu mtu kutembea usiku, ikapita, Jovithe akashindwa kurudi kwake. Hakuja mtu. Ujumbe ule ulianza na neno samahani, na hakuna aliyeufungua.

Yule wa mwisho alikuwa kwenye benchi, kamba ya kuanikia nguo imefungwa kwenye mtutu wa bunduki yake. Khadidja aliziondoa nguo, akamfunika koti la mume wake.

"Mama Assia, unamufunika?" Jovithe aliuliza.

"Nimufanye nini? Sura ni ya mwenyewe."

Akamtandikia Jovithe mkeka, akaswali, akalala. Nje Yahaya wa karatasi alianza kukoroma hivyo hivyo alivyokaa. Jovithe alilala chali, anapanga somo la kesho. Mkaguzi alikuwa amemwandikia arudi kwenye sura ya kwanza, kwa kuwa hakuimaliza. Akafikiria zoezi jingine la kutuma, lisilo na jina la mtu. Hakulipata, naye akasinzia.