Kosa la Sandahl

Gunvor Sandahl alikuwa amefungua vichwa vya watu elfu mbili na ushee bila mkono kutetemeka, lakini orodha ya makala zake mwenyewe ilimtoa jasho. Chuo kikuu pale mjini Umeå kilitafuta profesa mpya wa upasuaji wa ubongo, na maombi yangefungwa Ijumaa ileile saa tisa alasiri. Kila mwombaji alitakiwa kuchagua makala kumi anazojivunia. Gunvor alikuwa nazo sitini na nne. Tisa alizichagua chapchap. Ya kumi ndiyo iliyomkaba.

"Weka ile," alisema Torkel, mtaalamu wa takwimu wa idara, huku akichovya andazi la mdalasini kwenye kahawa. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, na idara nzima ilikuwa jikoni kama kawaida.

"Ipi?"

"Usijitie hamnazo, bibie. Ile iliyorejelewa na watafiti wengine mara mia saba thelathini na moja. Hizo tisa zako ukizijumlisha hazifiki nusu yake."

"Ile siweki. Nitazikwa nayo."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Miaka kumi na minane iliyopita alibuni njia mpya ya kupitisha mrija ndani ya fuvu ili kutoa damu iliyovilia. Wagonjwa kumi na mmoja wakazinduka hawawezi kusema. Baada ya wiki kadhaa wote walirudiwa na usemi, na mmoja alianza kwa kumtukana daktari wake vizuri tu. Gunvor akaandika yote bila kuficha: mrija ulipita karibu mno na sehemu ya ubongo inayotawala usemi, na mkosaji ni yeye. Tangu hapo vitabu vikaliita kosa la Sandahl, na wanafunzi wakawa wanalikariri kabla ya mtihani. Hebu fikiria jina lako liwe jina la kosa.

"Watu mia saba wamekaa chini kuandika kwamba nilivurunda," alisema. "Kompyuta inahesabu marejeo tu, haijui sifa wala matusi."

"Na wewe unajua? Umewahi kusoma hata moja?"

Gunvor akasukuma kikombe chake pembeni. Hakuwahi. Kila mwaka alitazama namba ikipanda, moyo ukamwuma, akafunga kompyuta.

"Msomi mzima," Torkel akacheka. "Halafu mimi ndiye mnayeniita mtu wa namba."

Gunvor akaondoka amenuna, akajifungia ofisini na kuanza kusoma makala zilizomrejelea. Madaktari wa mji wa Tartu walikuwa wamekwisha kuandaa mgonjwa kwa njia ileile. Waliposoma makala yake wakaahirisha. Wa mji wa Ghent waliusogeza mrija sentimita mbili, na hakuna aliyepoteza usemi. Kufika adhuhuri hasira zilikuwa zimemwisha. Saa nane alikuwa akitabasamu peke yake, machozi yakimlengalenga, kwa furaha aliyokuwa ameisahau. Saa tisa kasoro dakika sita aliiweka makala ile juu kabisa ya orodha, akatuma kabla hajaona haya.

Mwezi wa Mei ripoti za maprofesa waliopima maombi zikaletwa. Gunvor alimwita Torkel, akafunga mlango, akaanza kumsomea ya profesa mmoja wa mji wa Bergen.

"'Sijawahi kuonana na Gunvor Sandahl. Lakini baba yangu aliteleza kwenye barafu, damu ikavilia kichwani. Daktari kijana aliniambia mrija ataupitisha mbali na sehemu ya usemi, kwa sababu...'"

Sauti ikamgomea. Alijaribu tena, ikagoma tena, akaishia kucheka na kulia kwa pamoja. Torkel akampokea karatasi polepole, akavaa miwani.

"'...kwa sababu ya kosa la Sandahl. Baba alipozinduka aliomba kahawa, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Kiti hiki cha uprofesa apewe Sandahl.'"