Nusu Mita

Wewe unayesoma, umewahi kuiona nyumba ambayo mpita njia analiona paa lake kabla hajauona mlango?

Ya Bi Kazija ndivyo ilivyokuwa. Zamani ilikaa sawasawa na barabara, ile itokayo Chake Chake kwendea uwanja wa ndege. Barabara ilipokuja kutengenezwa, kikamwagwa kifusi, kikashindiliwa, kikamwagwa tena, hata ikafika kimo cha kifua cha mtu mzima. Nyumba ikabaki shimoni. Kila masika maji ya barabarani yaliteremka, yakapita barazani bila hodi, yakaingia mpaka chumba cha uani alimolala mumewe, Mzee Ngwali.

Ngwali alikuwa na mwaka wa tatu hajainuka. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na maneno yote, kikamwachia macho na mkono wa kushoto. Kabla ya hapo alikuwa keshamwaga zege juu ya vyumba viwili vya mbele na kuacha nondo zimesimama. Jioni akizionyesha kwa bakora: "Juu hapo, Kazija, chumba kimoja. Dirisha litazame kibla." Nondo zikaota kutu, kunguru wakazifanya kituo.

Bi Kazija alikusudia kukijenga chumba hicho, mzee apandishwe huko kabla masika hayajamkuta tena chini. Matofali aliyakusanya kwa misimu minne ya kuchuma karafuu za watu huko Ole. Fundi alikuwa naye, Shaame, mtoto wa dada yake. Kilichokosekana ni karatasi.

Karatasi ilikuwa kwa Fahmi wa ofisi ya ujenzi. Siku ya kupima alikuja na viatu vyeupe, akasimama juu barabarani, hakuteremka. Shaame ndiye aliyepanda kwenye zege na tepu.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Teremka basi, chai ipo."

"Niko kazini, Bi. Chumba hicho na paa lake kitafika mita sita na nusu. Sehemu hii ndege zinapita. Mwisho ni mita sita."

Bi Kazija akauinulia macho mnazi wa uani, uliokuwa mara mbili ya nyumba. "Na huu?"

"Mnazi si jengo, Bi."

"Rubani ameambiwa?"

Shaame akacheka peke yake huko juu. Fahmi hakucheka.

"Haya, tupunguze hiyo nusu mita," Bi Kazija akasema. "Mzee wangu halali wima. Mtu asiyesimama, dari refu la nini?"

"Dari likishuka hivyo, watu wa afya hawakubali. Chumba kina kimo chake cha kisheria, mtu apate hewa."

"Na hao watu wa afya, maji ya humu ndani wamekuja kuyaona?"

Fahmi akaandika kitu. Pengine hakuandika kitu. Bi Kazija akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, ilikosimama hoteli ya Himid, nyeupe, ina vioo vya buluu.

"Ile mie nahesabu ghorofa nne, na macho yangu haya mabovu."

"Ile imepimwa kutoka barabarani. Mbili za chini zimo kwenye mteremko, kwenye karatasi hazipo. Za juu ndizo zilizopo, nazo ni mita sita kamili."

"Basi na mie nipime kutoka barabarani. Si niko chini vile vile?"

"Nyumba hupimwa kutoka mlangoni, Bi. Mlango wa Himid uko barabarani."

"Na wangu ulikuwa barabarani. Barabara ndiyo iliyohama, ikapanda juu. Mie sikuenda mahali."

Fahmi akaifunga kalamu. "Andika rufaa. Ueleze unachotaka. Hasa unataka nini, Bi Kazija?"

Alifungua mdomo. Dirisha la chumba cha uani lilikuwa wazi, na alijua macho ya Ngwali yametulia, yanasikiliza. Neno lile halikuwa la kusemwa huku mzee anasikia.

"Nataka kibali tu, mwanangu," akajibu.

Rufaa aliandikiwa na mjukuu wake Yumna, kwa mwandiko mzuri wa shule. Aliipeleka mwenyewe, akarudi kuiulizia mara tatu. Mara ya kwanza mkubwa alikuwa Unguja. Ya pili alikuwa kikaoni. Ya tatu karani alimwuliza kwa heshima kama ana hakika aliileta.

Wingu likaanza kujikusanya upande wa kusi. Shaame akasema, "Mama, tukingoja hao tutajengea chini ya maji." Wakaanza Jumamosi. Kufika Alhamisi kuta zilikuwa kozi tano, safu tano za matofali, na Ngwali alisogezwa barazani akaziona. Mkono wake wa kushoto ulipanda juu kidogo, ukashuka, ukapanda tena, kama mtu anayehesabu.

Jumatatu Fahmi akaja na kopo la rangi nyekundu. Akaandika BOMOA ukutani, herufi kubwa, kila mpita barabara azisome. Akamvuta Shaame pembeni. "Teremsha mwenyewe. Wakija wa ofisini na nyundo hamtapata hata tofali zima."

Shaame akateremsha mwenyewe. Tofali moja moja, akiyapanga ukumbini huku machozi na vumbi vimemchanganyika usoni.

Siku ya nne mvua ikaanguka.

Maji yalipofika miguu ya kitanda, Shaame alikiinua kitanda akakiweka juu ya matofali, kozi moja kila mguu. Keshoye kozi mbili. Wiki ya pili zikafika tano, zile zile tano, na Bi Kazija akawa anapanda kigoda ili amlishe mumewe uji.

"Ghorofa yako hii, Mzee," Shaame akajaribu kutania. "Na hii hawaipimi."

Ngwali aliyatazama maji yanavyopita chini yake na kandambili zinazoelea. Shuka ilikuwa na unyevu, godoro lina unyevu, kifua chake kikaanza kukoroma. Alikufa asubuhi ya Ijumaa, mdomo umeelekea upande wa dirisha.

Waoshaji wakaja. Kama ilivyo ada, wakataka kuchimba ufuo chini ya kitanda, lile shimo la kupokea maji anayooshewa maiti. Jembe lilipopigwa kwenye sakafu ile ya udongo, maji yakapanda kutoka chini kukutana na yaliyotoka mlangoni. Mzee mmoja akajaribu kona nyingine. Vile vile. Akasimama na jembe mkononi, suruali imekunjwa magotini, akasema, "Humu hapana pa kumwoshea mtu."

Himid mwenyewe, Mungu amlipe, ndiye aliyewaita. Wakambeba Ngwali wakavuka naye barabara, wakamteremsha penye maegesho ya magari ya hoteli, kwenye ghorofa ya chini kabisa, ile ambayo kwenye karatasi haipo. Sakafu yake ilikuwa na vigae vikavu. Wakamwosha hapo.

Bi Kazija akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, humo humo nyumbani, na masika ndiyo kwanza yameshika. Alikaa juu ya kitanda kile, juu ya kozi tano, pazia limeshushwa.

Wiki ya pili Fahmi alikuja kutoa pole. Safari hii aliteremka. Alisimama barazani na Shaame, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, viatu vyeupe kavishika mkononi.

"Bi Kazija, Mungu akupe subira," alisema kuelekea pazia.

"Amin, mwanangu."

"Na ile rufaa yako imeonekana. Itaingia kikaoni baada ya masika." Akakohoa. Karatasi ikasikika ikifunguliwa. "Ila pana mahali hapakujazwa sawasawa. Panauliza mwombaji alitaka nini. Imeandikwa 'kibali' tu, na hilo kwao si jibu. Nipe maneno yako niyajaze, tumalize."

Maji yalipita chini ya kitanda, yakagonga tofali, yakaendelea uani. Bi Kazija alitazama dirisha la chumba cha uani. Mzee hakuwapo tena kumsikia.

"Andika," akasema. "Nilitaka mume wangu afie pakavu."