Ngozi Iliyobaki Mkononi

Nimevunja mawe miaka ishirini na sita. Nimeona mtu akikatika vidole vitatu chini ya jiwe, kisha akaanza kutafuta nyundo yake kwa mkono uliobaki. Nimechinja ng'ombe. Nimezika wazazi wote wawili. Sikujua bado kuna kitu kinachoweza kuniketisha chini, mpaka siku niliposhika panya mmoja kule bonde la Kerio, akaniachia ngozi yake mkononi na kwenda zake.

Si manyoya. Ngozi. Ilibaki kwenye kiganja changu kama soksi ya mtoto mchanga, ina miiba midogo mikali juu, bado ina joto. Yeye alipanda jiwe mbele ya macho yangu, mgongo wote mwekundu kama nyama ya bucha, akasimama kidogo, akajilamba, akaingia kwenye ufa. Hakulia. Mimi ndiye niliyekaa chini.

Mwenye kazi alikuja mbio na kitambaa chake. Anaitwa Cherono, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa upande wa Soy, amesomea wanyama mpaka akamaliza masomo yote. Alinifuata machimboni nyuma ya mtaa wetu wa Pioneer, Eldoret, kwa sababu alitaka mtu anayeweza kutoa jiwe moja bila kuangusha mengine yaliyo juu yake. Mimi shule niliacha darasa la sita, lakini mawe nayasoma. Kila Jumatatu tulishuka bondeni na pikapu yake, tukatega mitego ya bati kwenye nyufa, tukaweka siagi ya njugu ndani, tukarudi asubuhi kuangalia nani ameingia.

Sheria ilikuwa moja, na aliirudia kila siku: panya wa miiba hashikwi kwa mkono. Unamwaga kutoka kwenye mtego mpaka kwenye mfuko wa kitambaa, basi. Siku hiyo mlango wa mtego ulifunguka kabla sijaweka mfuko, panya akaruka, na mkono wangu ukaenda wenyewe.

"Nimemuua," nilimwambia.

"Hujamuua, Mzee. Umemvua koti."

Nilidhani ananicheka. Lakini aliinama kwenye ufa, akamsubiri, akamfunika na kitambaa, akamtia kwenye sanduku lenye nyasi. Akaniambia kwamba ngozi ya panya hawa imeshikwa kidogo tu mwilini. Nyoka akiuma au ndege akikwapua, anapata ngozi mdomoni na panya anaondoka. Nilimuuliza mnyama anaondoka aende wapi akiwa uchi hivyo. Alisema niwe na subira, nitaona.

Nilimwambia angenionyesha hao panya hapa Eldoret badala ya kutuchosha na barabara ya mteremko. Akacheka. Kwetu juu, alisema, kuna baridi na mahindi, na panya tulio nao ni wezi wa ghala tu. Hawa wake wanataka mahali pakavu, nao ni aina mbili. Mkubwa, wa kijivu, anakaa ndani ya nyufa za mawe makubwa, mahali jiwe linameza joto la mchana na kulitoa usiku. Mdogo, mwekundu kama udongo wa kule, hajali sana mawe. Yeye anajificha chini ya vichaka na kwenye vichuguu ambavyo mchwa wameviacha. Ukiondoa mawe, mkubwa hana kwao. Hilo lilinikaa kichwani, kwa sababu kuondoa mawe ndiyo kazi yangu.

Yule niliyemvua tulimpeleka juu, kwenye chumba cha nyuma ya nyumba ya Cherono ambako alikuwa na vizimba kumi na viwili. Kazi yangu siku zingine ilikuwa kusafisha huko na kubadilisha maji. Siku ya kwanza nilimwangalia huyo nikitegemea kumkuta amekauka. Alikuwa anakula. Baada ya siku chache kidonda kilikuwa kimejifunga. Wiki ya pili kulikuwa na ngozi nyororo, rangi ya waridi. Halafu siku moja, kama mwezi umepita, nilifungua kizimba nikadhani Cherono amemhamisha. Nilitazama kibandiko, namba ilikuwa ile ile. Mgongo ulikuwa na manyoya. Katikati ya manyoya, miiba.

Sikuweza kuendelea na kazi. Niliweka debe la maji chini, nikasimama hapo na mikono yangu.

Nilikuwa nikimfikiria mke wangu.

Selpha alikuwa anapika chapati na mandazi kwenye kibanda chetu Pioneer, kando ya stendi ya boda boda. Miezi mitano kabla ya hapo nilimwekea mafiga mapya chini ya karai. Jiwe moja nililitoa mtoni kwa sababu lilikuwa na umbo zuri. Jiwe la mtoni lina maji ndani. Likipata moto linapasuka. Mtu yeyote wa machimbo anajua hilo, na mimi nalijua kuliko wengi, na bado nililiweka. Lilipasuka saa mbili asubuhi. Karai likainama, mafuta yakamwagikia mkono wake wa kulia kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo.

Hospitali walisema wachukue ngozi ya paja waiweke kwenye mkono. Nilikuwa hapo na ndugu zangu wanne, kaka mkubwa Murunga akiwa ametoka Webuye usiku uliotangulia. Kwetu mgonjwa akilala hospitali, mambo makubwa wanaume wanayaongea pamoja. Murunga aliniuliza nasemaje. Nikasema mbele ya wote kwamba mke wangu hatachunwa kama mbuzi ili wafunike kidonda kimoja kwa kutengeneza kingine. Ndugu zangu wakatikisa vichwa kukubali. Nikatia sahihi karatasi ya kukataa, tukaenda nyumbani na dawa ya kupaka.

Kidonda kilipona kwa njia yake. Ngozi ilivutana, ikawa ngumu na ya kung'aa, ikaukunja mkono kwenye kiwiko. Selpha akawa anautembeza umekunjwa kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto ambaye hayupo. Kibanda kilifungwa. Chapati haisukumwi kwa mkono mmoja.

Basi nilipoona mgongo wa panya yule, akili yangu ilikwenda moja kwa moja, bila kupiga hodi kwa mtu yeyote. Nilimtia kwenye mkebe wa mafuta wenye matundu, nikafunika, nikatoka. Saa kumi nilikuwa nyumbani.

Selpha alikuwa ameketi nje anapukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto.

"Umebeba nini, Baba Nanzala?"

"Dawa."

Nilifunua kidogo. Panya akanyanyua pua. Selpha alitazama ndani, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nikamsikia akicheka.

"Dawa iko na masharubu," alisema.

Nilimweleza yote. Nilimweleza soksi, jiwe, miiba iliyorudi. Niliongea zaidi ya nilivyowahi kuongea naye kwa mwaka mzima. Nikamwambia mpango: nitambandua huyu panya ngozi ya mgongo, nichane kovu lake kidogo tu pale kwenye kiwiko, niiweke ngozi ikiwa bado na joto, nifunge na kitambaa safi. Ngozi inayojua kuota itaota popote. Nilikuwa nimeshatoa kisu na nimeshakipitisha kwenye moto wa jiko ili kiwe safi. Nilikuwa na haraka ya furaha, nikaushika mkono wake.

Hakuuvuta. Alinitazama tu.

"Ngozi ya panya unataka kunibandika," alisema. "Yangu mwenyewe ulikataa."

Kisu kilikuwa mkononi. Nilikiangalia kama ni mtu mwingine aliyekishika. Naapa, mpaka dakika hiyo sikuwa nimeona kwamba nilichokuwa nataka kufanya pale mlangoni, kwa kisu cha nyama, ni kile kile nilichowakataza madaktari. Kilichofuata kilinipiga zaidi.

Alisema sista wa wodi alimweleza siku ile ile ya hospitali, mimi na ndugu zangu tulipokuwa tumesimama korido. Hawachuni. Wanaparua sehemu ya juu tu ya paja, nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Na paja?" nilimuuliza.

"Linaota tena."

"Lenyewe?"

"Lenyewe. Wiki mbili, tatu. Wewe umeenda Kerio kushangaa panya."

Nilikaa kwenye gunia la mahindi. Miezi mitano. Mke wangu alikuwa na jambo hilo kifuani miezi mitano, akioga kwa mkono mmoja, akifungwa kitambaa cha kichwa na jirani. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Sauti yangu ilitoka na ukali, na sikuwa na haki ya ukali.

Akajibu polepole. Nilisema neno mbele ya Murunga na ndugu zangu wote. Kama angenipinga pale kitandani, wangerudi Webuye wakisema mimi, Wabuge, naongozwa na mke. Kama angeniambia nyumbani, ningemjibu kwamba nimeshasema. Alinijua. Alikuwa akisubiri nirudi mwenyewe, na sikurudi, na mkono ukaendelea kujikunja.

"Twende kesho," nilisema.

"Siendi kesho. Neno ulilisema mbele ya watu. Liondoe mbele ya watu hao hao, ndiyo niende. Sitaki nikiwa kule ndani nisikie umeletewa maneno ukageuka tena."

Panya nilimrudisha kabla ya giza. Nilimweleza Cherono ukweli wote, kisu na vyote. Aligeuka rangi. Alimtoa panya, akamkagua kila upande, akamrudisha kizimbani, kisha akaniambia kwamba ngozi ya panya ingeoza kwenye mkono wa Selpha na huenda ingemuua. Kuota kuko ndani ya mwili wa panya mwenyewe, hakubebwi na ngozi hata ukiihamisha. Halafu akaniambia nisirudi kwenye vizimba. Kazi ya mawe ningeendelea nayo, lakini ufunguo wa chumba niuache mezani. Niliuacha.

Ndugu zangu walikuja Jumapili baada ya kanisa. Waliketi sebuleni wakidhani kuna posa au kuna shamba linauzwa. Nilisimama, maana ningekaa nisingesema. Nikawaambia: jiwe la mafiga nililiweka mimi nikijua, na neno la hospitali nililisema bila kujua chochote, na yote mawili mke wangu ndiye aliyeyalipia. Nikasema naliondoa neno lile. Selpha ataenda, ngozi yake itatumika, na uamuzi ni wake.

 Ndugu mmoja aliangalia kikombe chake mpaka chai ikapoa. Murunga ndiye aliyeongea.

"Wabuge, huyu mama amekulisha nini?"

"Chapati, miaka kumi na tisa," nilisema. "Na sasa hawezi."

Alitaka kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Baadaye alimwita Selpha kutoka jikoni, akamwomba amwonyeshe mkono. Hakuwa ameutazama tangu ile siku ya bandeji. Alijaribu kuunyoosha kwa upole, ukakataa, akaurudisha mahali pake kama mtu aliyegusa kitu cha kanisani. Aliuliza tunaenda siku gani. Siku hiyo alikuja nasi.

Walimpasua Selpha siku ya Alhamisi. Daktari alikata kovu lililokuwa limevuta, akaunyoosha mkono mpaka ulipofika, akaweka ngozi ya paja juu. Siku ya kumi na nne sista alifungua bandeji ya paja nikiwa hapo. Nilikuwa nimejitayarisha kuona kidonda. Niliona ngozi. Nyororo, ya rangi ya waridi, imefunga pande zote, ngozi ya binadamu, ya mke wangu. Nilishika chuma cha kitanda. Sista aliniuliza kama nataka kiti.

Kisha walifungua mkono. Ngozi ilikuwa imeshika. Daktari akamwambia Selpha anyooshe taratibu. Kiwiko kikafunguka, kikafunguka, nikaanza kuhesabu kichwani kama tunavyohesabu nyundo za mwisho kabla jiwe halijaachia. Kilifika zaidi ya nusu kikasimama. Alijaribu tena. Kikasimama pale pale.

Nilimuuliza daktari kama kunyooka kulikobaki kutakuja na mazoezi. Alisema kidogo huenda. Siyo kote, kiungo kilikaa kimekunjwa muda mrefu, kimeshika ndani. Angeletwa mwezi ule wa kwanza, alisema, mkono huu ungenyooka kabisa.

Alisema huku akiandika, hakunitazama. Selpha ndiye aliyenitazama, mkono ukiwa bado hewani mahali ulipogomea, na hakuushusha mpaka nilipokuja nikaushika kwa chini.