Mashahidi Kumi na Mmoja wa Kinyozi

Kila Jumamosi alasiri, wateja wakipungua, kibanda cha kinyozi kiligeuka baraza la filamu. Hakuna aliyeliitisha. Mwoka mikate alifika na unga kwenye nyusi, mchomeleaji vyuma akafika na miwani ya kazi juu ya paji la uso, na mwalimu mstaafu akafika na kitambaa anachofuma, ambacho kwa mwaka wa tatu sasa hakijulikani kama kitakuwa sweta au shuka. Mwalimu huyo walimwita Bi Tamati, kwa sababu hakujua kusimulia filamu ila kwa kuanzia mwisho. Ungemwambia, "Nimeanza kuitazama ile ya mapacha," naye angekujibu kwa upole wote, "Aa, ile ambayo wanakufa wote wawili."

Mwenyekiti alikuwa kinyozi mwenyewe. Kibanda chake, televisheni yake, na zaidi ya yote rimoti yake, iliyokaa katika mfuko wa kifuani wa koti lake jeupe, bega kwa bega na kitana. Yeye alipenda filamu za upelelezi: mtu anauawa mapema, kisha watu wanaulizwa maswali kwa adabu hadi mwisho. "Hizi ndizo filamu za wembe," alikuwa akisema. "Hazishtui mkono."

Mchomeleaji, ambaye ni kaka wa mke wa kinyozi, alitaka filamu za vita. Filamu isiyobomoa hata daraja moja, kwake ilikuwa mchuzi usio na chumvi. Kwa miaka minne aliomba iwekwe walau moja, na kwa miaka minne kinyozi alimjibu, "Shemeji, siku utakayoshika wembe kwenye koo la mtu ndipo tutakapozungumza mabomu."

Kibanda kilikuwa chembamba kama sanduku la kiatu. Mbele palikuwa na kioo kikubwa, na mbele ya kioo kiti cha kunyolea. Televisheni ilitundikwa ukuta wa nyuma. Benchi la wanaosubiri lilikaa ubavuni, na waliokaa hapo waligeuza shingo wakatazama. Kinyozi, ambaye kutwa nzima uso wake ulielekea kioo, alitazama filamu zake zote humo kiooni. Hata alipokosa mteja alikalia kiti chake na kuendelea kutazama humohumo. Miaka kumi na miwili ya namna hiyo humsahaulisha mtu kwamba nyuma yake kuna ukuta.

Maandishi yaliyopita chini ya picha, yale ya kutafsiri maneno, hakuyagusa. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni, na alisoma vizuri magazeti na Maandiko. Lakini yale ya kwenye filamu yalimshinda kabisa. Aliamini ni ya darasa ambalo bado hajafika, akaona aibu kuuliza. Maneno ya waigizaji aliyapata kwa wa benchi, na yaliyobaki aliyatunga mwenyewe.

Jumamosi hiyo walikuwa wakiijadili filamu ya mtunza bustani, ambayo waliitazama Alhamisi hapohapo kibandani.

"Hii ni filamu!" kinyozi alianza. "Sijaona muuaji mwenye heshima kama yule. Anamwagilia maua, anamwamkia kila mtu, kisha anachukua kisu kwa mkono wake wa kushoto..."

"Wa kulia," alisema mchomeleaji.

"Kushoto."

"Shemeji, mimi nilikuwa hapa kwenye benchi. Kulia."

"Na mimi nilikuwa hapa namnyoa ndugu yetu mwoka mikate. Muulize."

Mwoka mikate alikohoa. "Mimi nisiseme uongo. Kushoto."

"Mwalimu?"

Bi Tamati hakuinua macho kwenye sindano zake. "Mimi mikono siitazami. Mwishoni anafungwa, inatosha."

"Cheche za kuchomelea zimekula macho yako, shemeji," kinyozi alisema.

"Na yako yamejaa povu la sabuni!"

Mdomo uliponza kichwa. Kinyozi aliruka kutoka kitini, akachomoa rimoti mfukoni na kuiinua juu. "Naapa kwa Mungu aliyeniumba, ni kushoto! Ikiwa ni kulia, rimoti hii ni yako, na uweke mabomu asubuhi hadi jioni!"

"Na ikiwa ni kushoto, sitataja tena filamu ya vita maisha yangu yote. Jumamosi ijayo tuitazame tena, sote."

Sindano za Bi Tamati zilisimama.

"Jina la Mungu?" aliuliza. "Juu ya mtunza bustani?"

Swali hilo lilimfuata kinyozi hadi nyumbani. Mkewe aliposikia aliweka sufuria chini. "Kaka yangu ana kichwa kigumu, lakini macho yake ni mazima. Na wewe, baba watoto, Mungu umemwingiza kwenye televisheni?"

Kinyozi alikuwa mtu wa sala. Alfajiri alipiga magoti, akawaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, kisha akafika penyewe. "Ee Mungu wangu, Wewe uliyepasua bahari, mkono wa mtunza bustani ni kitu gani kwako?" Hapo akasita. Aliona kwamba anamwomba Mwenyezi aingie ndani ya filamu ya zamani na kukihamisha kisu. Akaomba msamaha kwa uchungu wa kweli, maana jina la Mungu si kamba ya kufungia kila mzigo. Lakini ombi lenyewe hakulifuta.

Jumatatu alipata wazo. Filamu ilikuwa kwenye flashi, basi kila aliyeketi kitini, kabla hajanyolewa, alionyeshwa pale tu kisu kinapochukuliwa, mahali ambapo hakuna anayesema neno.

"Mkono gani, mzee wangu?"

"Kushoto."

"Mungu akubariki. Tuanze kisogoni?"

Wa kwanza alisema kushoto, wa pili kushoto, na mpakaji rangi aliyekuja na mwanawe wote wawili wakasema kushoto. Wachache waliokuwa kwenye benchi waliropoka "kulia!", lakini kinyozi hakuwahesabu. "Anayesubiri zamu," alimweleza mkewe, "mawazo yake yako kwenye zamu." Hadi Ijumaa mchana alikuwa na mashahidi kumi, na moyo wake ulikuwa mwepesi kama pamba.

Ijumaa hiyohiyo mchomeleaji alikuja kunyolewa. Kinyozi alimfunga shuka shingoni, akabonyeza rimoti. Kiooni mtunza bustani alipita kati ya maua, akainama, akachukua kisu. Mchomeleaji alitoa macho. Akayafikicha. Akatazama tena.

"Umeona?" kinyozi aliuliza taratibu.

"Nimalizie kisogo," mchomeleaji alijibu. Kinyozi akamhesabu wa kumi na moja.

Jumamosi asubuhi alisali sala ya shukrani, ndefu kuliko kawaida, akamshukuru Mungu kwa kumpa macho yasiyodanganyika. Akaenda kufungua kibanda. Aliwasha filamu ili aione mara ya mwisho kwa raha, akashika ufagio, na kwa kuwa nywele nyingi zilikuwa chini ya kiti, akafagia akirudi kinyumenyume, mgongo ukielekea kioo.

Akainua macho.

Mtunza bustani alichukua kisu kwa mkono wa kulia.

Ufagio ulianguka. Kinyozi aligeukia kioo: picha ilionyesha kisu kikiwa mkono wa kushoto. Akageukia ukuta: kulia. Kioo: kushoto. Ukuta: kulia. Aligeuka hivyo kama mtu aliyesimama kando ya barabara ya magari mengi akiogopa kuvuka, hadi shingo ikauma, na hadi akaelewa. Waliosema kushoto wote walikalia kiti kimoja.

Alikaa kwenye benchi, mahali ambapo hajawahi kukaa tangu alinunue. Filamu iliendelea. Mpelelezi alimsogelea mtunza bustani, na chini ya picha maandishi yakatokea. Kinyozi aliyatazama kwa mazoea ya kushindwa. Kisha midomo yake ikaanza kucheza yenyewe, kama darasani. "Ni... mi... mi. Ni mimi. Ni mimi niliyemuua, na... maua yanajua."

Alishika kifua. "Najua kusoma haya," aliviambia kiti na machanuo. "Mungu wangu, kumbe nilikuwa najua kusoma haya!" Akaisoma filamu yote hadi mwisho, kwa sauti, akicheka na kufuta machozi. Kumbe miaka yote hiyo watu wale walikuwa wakisema mambo mazuri.

Alasiri wote walifika. Kabla kinyozi hajafungua mdomo, mchomeleaji alivua miwani akasimama katikati.

"Ndugu zangu, mtu mzima akikosa hukiri. Jana nilikaa kwenye kiti hiki nikaona kwa macho yangu. Ni kushoto. Shemeji, nisamehe. Filamu za vita sitazitaja tena." Sauti ilimkatika, kama anayezika ndugu.

Mwoka mikate alipiga makofi. Kinyozi alishika rimoti kifuani. Ushindi umekuja wenyewe kwa miguu yake; kazi yake ni kunyamaza tu. Hakuna aliyeuliza kitu, na aliona wazi miaka yake iliyobaki, mitulivu, bila bomu hata moja. Lakini kuna Mmoja aliyeitwa kuwa shahidi, na Huyo hakukaa kitini wala kwenye benchi.

"Shemeji," alisema kwa shida, "keti." Alimkalisha kitini, akaiweka filamu palepale. "Mkono gani?"

"Kushoto. Nimeshasema, usinitoneshe."

Kinyozi akazungusha kiti.

"Haa!" mchomeleaji alipiga kelele. Akarudi kioo, akarudi ukuta. Mwoka mikate naye akaanza kugeuka. Bi Tamati aliweka kitambaa chini, akatazama mara moja, akasema, "Miaka kumi na miwili, kinyozi?"

"Kumi na miwili, mwalimu."

Walicheka hadi mpita njia akachungulia. Kisha kinyozi akatoa rimoti mfukoni, akamkabidhi shemeji yake kwa mikono miwili, na kitana kikabaki peke yake.

Mchomeleaji hakukawia. Flashi ya vita alikuwa nayo mfukoni, tangu miaka minne iliyopita. "Na mimi leo ndiye mteja," alisema, akijinyoosha kitini kama mfalme. "Nitengeneze sharubu, huku natazama."

Kinyozi alipaka povu, akavuta pumzi, akasema sala yake fupi kimoyomoyo. Wembe ulipofika katikati ya mdomo wa juu, daraja la kwanza lililipuka. Mchomeleaji mwenyewe ndiye aliyeruka. Damu haikutoka, Mungu ni mwema, lakini nusu ya sharubu, iliyolelewa tangu ujana, ilikuwa imelala juu ya shuka.

Alijitazama kiooni kwa muda mrefu. "Imeondoka ya kushoto au ya kulia?" aliuliza.

"Hilo," alisema kinyozi, "mimi siapi tena."

"Unaionaje filamu, lakini?" mwoka mikate alimchokoza.

Mchomeleaji aligusa mahali palipobaki wazi. "Filamu ni nzuri," alisema. "Ina kelele kidogo." Akaitazama rimoti, akamnyooshea kinyozi. "Shemeji, huyu mtunza bustani, hebu tumrudie. Na wiki ijayo nitakuchomelea chuma, tuihamishie televisheni juu ya kioo."

"Mwishoni inajulikana lile daraja lilikuwa la bandia," alisema Bi Tamati, akiokota sindano zake.