Ubao wa Maneno Buchani

Mimi si mtu wa kunyamaza. Waulize wateja wa bucha letu: anayeniletea ujanja kwenye mizani namjibu papo hapo, awe mzee, awe kijana. Lakini wiki ile nilinyamaza siku tano, na mdogo wangu ndiye aliyeumia kwa kimya changu.

Ana miaka kumi na minne, wateja wanamwita Profesa. Jumamosi angefanya mtihani wa kuingia shule ya bweni, na baba alishaapa kwamba huyu hatashika shoka la bucha. Mwalimu mmoja, mteja wetu wa maini, akatuazima kijitabu cha maneno ya Kiingereza yaliyopangwa kwa herufi zinazofanana, na maana zake kwa Kiswahili. Baba akaupenda ukurasa wa yanayoishia na cide. "Yote ya kuua," akacheka. "Haya ya kwetu kabisa!"

Kijitabu kingelowa damu, kwa hiyo niliambiwa niyanakili kwenye ubavu wa boksi. Niliyaandika maneno upande mmoja, maana nikaziandika kwenye ukanda wa karatasi nikaubandika pembeni. Siku hiyo foleni ilifika barabarani, mkono huu gundi, mkono ule maini. Maana ya mwisho ikakosa neno, na juu kukabaki nafasi wazi. Nikaikata, nikaibandika juu. Yakaisha.

Jumatatu asubuhi baba akautundika ubao kwenye ndoana, katikati ya nyama.

"Insecticide?"

"Dawa ya kuua wadudu," akajibu mdogo wangu.

"Uongo! Ubao unasema kuua baba."

Wateja wakaangua kicheko. Mtoto akanyoosha kidole dirishani. "Lakini baba, mbona hata kopo lile la dawa ya nzi limeandikwa hivyo hivyo?"

"Unanibishia?" Baba aliishia darasa la nne, Kiingereza kwake ni giza. Akachukua chuma cha kunolea visu, akamchapa viganjani. Homicide, kuua mtu: chuma. Regicide, kuua mfalme: chuma. Fratricide, kuua ndugu: chuma. Patricide, kuua baba: chuma. Majibu yote matano ya mtoto yalikuwa sahihi.

Mimi nikautazama ubao, nikaona. Nilikuwa nimeshusha maana zote hatua moja. Hapo hapo nilipaswa kusema. Lakini baba hana dogo. Mwaka jana alinivunja jino kwa figo moja iliyopotea. Niliogopa. Basi, nimesema.

Nikamvuta mdogo wangu uani. "We kichwa maji, mjibu anavyotaka! Utapungukiwa nini?"

"Nikizoea uongo, Jumamosi nitaandika nini, dada?" Viganja vilishamvimba, hawezi hata kukunja ngumi.

Jumatano alijibu vilevile. Baba akamzaba kofi la sikio, kijana akajigonga kichwa kwenye ukingo wa meza ya nyama. Damu ikamtoka sikioni, nyembamba, ikashuka hadi kwenye kola. Tangu hapo ukimwita anakugeuzia sikio la pili. Nami nikaendelea kupima mifupa ya supu na kuwauliza wateja niwaongezee mafuta kidogo. Shetani gani mimi!

Ijumaa mchana bucha likawa tupu. Baba akauliza maneno yote matano, akapewa majibu matano yale yale. Hakupiga kelele. Akamshika mtoto mkono wa kulia, wa kuandikia, akaulaza juu ya gogo la kukatia.

"Mkono wa mbishi una kazi gani?" akasema, chuma kimeshapanda hewani.

"Baba, ni mimi!" Sauti ilinitoka nisijijue. "Ubao niliukosea mimi! Maana nimezishusha. Yeye anasema kweli tangu Jumatatu. Nipige mimi!"

Chuma kikasimama. Nikadhani yamekwisha, nikaanza hata kupumua.

"Najua," akasema baba. "Mwalimu alipita juzi, akauona ubao, akaniambia."

"Unajua?"

"Najua. Na huyu alinibishia mbele ya watu, wakanicheka. Mtoto hamkosoi baba yake hadharani, hata awe na haki." Akaukandamiza mkono kwenye gogo.

Damu ilinipanda. Shoka lilikuwa pale pale, mahali pake. Niligeuza makali nyuma, hilo nalikumbuka vizuri, nikampiga kwa kisogo cha shoka chini ya kiwiko. Mimi nimevunja mifupa tangu nina miaka tisa, naijua sauti yake. Chuma kikaanguka. Baba akakaa chini kwenye sakafu yenye damu, mkono umempinda pasipo na kiungo, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Nami nikataka kuongeza. Wallahi nilitaka. Nililinyanyua tena.

Mdogo wangu akajitupa katikati. Akanisukuma kwa viganja vile vilivyovimba, nikapiga mgongo ukutani. Kisha akavua shati lake, akapiga magoti, akaanza kumfunga baba mkono taratibu, akimbembeleza, "Tulia baba, tulia, usiutikise."

"Nimekuokoa, we!" nikamfokea. "Ulitaka akuvunje?"

Hakugeuka. Nikadhani hakunisikia kwa lile sikio, nikazunguka upande wa pili nikarudia.

"Nimekusikia, dada," akasema. "Ungesema Jumatatu."

Akaendelea kufunga, nami nikatoka barabarani kutafuta gari la kumpeleka baba hospitali.