Toba ya Watu Wawili

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, tunamwita Mufti wa Bando. Madrasa aliiacha katikati, lakini kwenye grupu lake la simu la watu mia nne, nami nimo, haipiti alfajiri bila fatwa. Kucha za rangi, haramu. Picha ya mwanamke, haramu. Kusambaza habari bila kuihakiki, haramu kubwa!

Siku moja akaingia kibandani ninaposhonea, akaona gunia la vipande vya vitambaa. Vya kujazia mito, wateja wenyewe wameniachia. Hakuuliza. Akapiga picha, akaandika: "Ndugu waumini, jihadharini na fundi huyu. Vitambaa vyenu vinaishia hapa." Loh! Miezi miwili nikawa nafuta vumbi cherehani tu, na nina watoto watatu wa kulisha.

Juzi kapata nafasi ya kwenda kuhiji. Akatuma ujumbe mmoja kwa kila mtu aliye naye simuni: "Kama nimekukosea kwa kujua au kutojua, nisamehe." Na maua pembeni. Nikamjibu: "Sijakusamehe."

Haikupita saa, huyo mlangoni, anahema.

"Shemeji, haki ya mja haifutiki mpaka mwenyewe aridhie! Unataka niende kuhiji na mzigo?"

"Kumbe sheria unaijua? Basi andika kwenye grupu kwamba ulinizulia."

"Mbele ya watu wote wale? Si nitaaibika!"

"Na mimi ulinichafua mbele ya wangapi, baba?"

Akaondoka ananung'unika. Kabla sijafunga kibanda, simu ikalia: nimeingizwa kwenye grupu jipya, Toba ya Kweli. Wanachama: yeye na mimi. Humo kaandika yote. Hakuuliza, alinizulia, anaomba radhi mbele ya umma wa Kiislamu. Umma gani, jamani? Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikalia kwa hasira.

Nikauchukua ujumbe wake kama ulivyo, nikawarushia wale mia nne. Chini yake nikaongeza: "Habari hii nimeihakiki."

Asubuhi mama mmoja akapiga hodi, kitambaa kwapani. Nilikipima mbele ya macho yake, mara mbili. Nikiwa bado na futi shingoni, shemeji akapiga.

"Umeniua, shemeji. Haya, umeniridhia sasa?"

"Nimekusamehe, wallahi. Nenda salama. Ila hiyo simu iache nyumbani."